Pesa imeshatoka, ukurasa haujui: seva inampataje mtu mmoja kati ya mamia?

Unanunua tiketi ya basi la Nairobi kwenda Mombasa mtandaoni. Umechagua kiti namba 14, umeandika namba ya simu, umebonyeza "Lipa". Simu inaleta kile kijisanduku cha M-Pesa, unaweka PIN, na baada ya sekunde chache SMS inaingia: pesa imetoka. Unainua macho kwenye kompyuta. Kiduara bado kinazunguka. "Tunasubiri malipo yako…"

Wewe ungefanya nini? Wengi hubonyeza tena. Hapo ndipo mtu analipa mara mbili kwa kiti kimoja, halafu anaanza safari ndefu ya kupigia simu huduma kwa wateja.

Kwa juu linaonekana kama kasoro ya skrini tu. Lakini ndani yake kuna swali ambalo kila anayetengeneza mfumo wa mtandaoni hukutana nalo mapema au baadaye. Seva ina habari, na habari hiyo ni ya mtu mmoja kati ya mamia waliofungua tovuti dakika hii. Itamfikiaje yeye, papo hapo, bila kumfikia jirani yake wa kiti namba 15?

Majibu yanaingia kwa mlango mwingine

Tuanze na njia ya pesa yenyewe, maana ndiyo inayoonyesha tatizo waziwazi. Ukibonyeza "Lipa", kivinjari chako kinatuma ombi kwa seva ya kampuni ya basi. Seva hiyo nayo inawaomba Safaricom, kupitia mfumo wao wa Daraja unaotumiwa na watengenezaji wa programu, wakuletee kijisanduku cha PIN. Ndiyo ile inayoitwa STK push. Safaricom wanajibu mara moja, ila jibu hilo halisemi kwamba umelipa. Linasema tu kwamba ombi limepokelewa, na namba yake ya kufuatilia ni hii hapa. Namba hiyo inaitwa CheckoutRequestID. Ishike, tutaihitaji.

Baada ya hapo kimya. Labda unatafuta miwani, labda simu iko chumba kingine. Ukishaweka PIN, au ukikataa, Safaricom wanatuma matokeo kwenye anwani ambayo kampuni ya basi iliwaachia kwa kazi hiyo. Ndani ya matokeo kuna ile CheckoutRequestID na msimbo: 0 maana yake malipo yamekamilika, 1032 maana yake mwenyewe ameghairi, na mingine kadhaa. Yakiwa yamekamilika, kunakuwa pia na kiasi kilicholipwa, namba ya risiti na namba ya simu iliyolipa.

Sasa angalia kilichotokea. Kivinjari chako kilipita mlango wa mbele. Matokeo yamepita mlango wa nyuma, yameletwa na mtu mwingine kabisa, na hayataji kivinjari chako popote. Seva imebaki katikati ikiwa na karatasi mkononi, na lazima itafute mwenye nayo.

Tena haiwezi hata kumwita. HTTP, ile itifaki iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, ilikusudiwa kusomea nyaraka: kivinjari kinauliza, seva inajibu, basi. Seva hairuhusiwi kuanzisha mazungumzo. Ni kama karani wa dirishani ambaye faili lako limeshakamilika lakini hana ruhusa ya kuita jina. Mpaka wewe mwenyewe urudi dirishani uulize.

Dawa ya zamani ilikuwa hiyohiyo ya kurudi dirishani. Kivinjari kinauliza kila baada ya sekunde mbili: imelipwa? Bado. Imelipwa? Bado. Watu 300 wakisubiri kwa wakati mmoja, hayo ni maombi 150 kila sekunde, na karibu yote yanajibiwa "bado". Baadaye wakaja na ujanja mwingine: seva inalipokea swali, inalishikilia bila kujibu, halafu inajibu siku habari ikifika. Ulifanya kazi, ila ulikuwa ujanja tu.

Mnamo Desemba 2011 ilichapishwa RFC 6455, hati inayoeleza itifaki ya WebSocket, ambayo hapa nitaiita websoketi. Kivinjari kinaanza kwa ombi la kawaida la HTTP lenye mistari michache ya ziada inayosema, kwa lugha yetu, "tubadilishe mtindo wa mazungumzo". Seva ikikubali inajibu kwa msimbo 101. Kuanzia hapo ule muunganisho haufungwi, na kila upande unaweza kusema wakati wowote bila kuulizwa. Ujumbe mfupi kutoka kwa seva unabeba baiti mbili tu za utangulizi, wakati jibu la HTTP mara nyingi linakokota mamia. Mlango wa karani sasa uko wazi, na sauti anayo.

Muunganisho hauna jina

Mafunzo mengi ya websoketi yanaishia hapo. Wanakuonyesha chumba cha gumzo, mmoja anaandika "hujambo", wote wanaona, makofi. Kutangaza kwa wote ni rahisi kwa sababu huhitaji kujua nani ni nani. Kumtumia mtu mmoja ndipo kazi ilipo, kwa sababu kwa seva muunganisho ni bomba tu. Kuna bomba la 1, la 2, la 3. Hakuna lililoandikwa jina la abiria.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kwenye zile salamu za mwanzo kuna kitu kinaitwa Sec-WebSocket-Key, na neno la mwisho linawafanya wanafunzi wengi wadhani ni ufunguo wa usalama. Siyo. Ni herufi za kubahatisha ambazo kivinjari kinatuma. Seva inaziunganisha na maandishi maalumu yaliyowekwa kwenye RFC, inakokotoa, inarudisha jibu. Linathibitisha kwamba upande wa pili unaelewa websoketi kweli. Kuhusu wewe ni nani, halisemi lolote.

Kwa hiyo seva inahitaji daftari. Upande mmoja mtumiaji, upande wa pili mabomba yake:

mtumiaji 417 → muunganisho 3, muunganisho 9
mtumiaji 502 → muunganisho 4

Habari ya 417 ikija, seva inafungua daftari na kutuma kwenye 3 na 9. Hiyo ndiyo siri yote. Socket.IO wanaita "vyumba", Django Channels wanaita "makundi", Spring wana njia maalumu zinazoanza na /user. Chini ya yote kuna daftari hili. Swali zito ni moja: nani anaandika jina kwenye daftari?

Jibu baya, na linapatikana sana kwenye kazi za wanafunzi, ni kumwachia mteja ajiandike. Muunganisho ukifunguka, kivinjari kinatuma ujumbe: "mimi ni 417". Seva inaamini. Kesho mtu anafungua zana za wasanidi zilizomo kwenye kila kivinjari, anabadilisha 417 kuwa 418, halafu 419, na anakaa akisoma risiti za watu na namba zao za simu. Hajavunja chochote. Ameuliza tu, na seva imemjibu.

Kuna jibu baya zaidi linalojificha: kutuma kila arifa kwa wote, halafu kuandika kwenye ukurasa, "kama si yangu, usiionyeshe". Kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa. Lakini data imeshafika kwenye kompyuta ya mgeni. Kutoionyesha ni kufunika sufuria kwa gazeti.

Jina linatakiwa liandikwe na seva yenyewe, pale pale kwenye salamu za mwanzo, kutokana na kitu ambacho mteja hawezi kukibuni. Kwa tovuti ya kawaida kitu hicho kipo tayari: ile kuki uliyopewa ulipoingia kwenye akaunti. Salamu za websoketi ni ombi la HTTP, kwa hiyo kuki zinazohusika husafiri nalo. Seva inaisoma, inaikagua, inasema "huyu ni 417", kisha ndiyo inajibu 101. Asiyejulikana anarudishwa mlangoni.

Ila kuki ina mtego wake, na huu usiupite haraka. Kivinjari hakiizuii tovuti ngeni kufungua websoketi kwenda kwako kwa namna kinavyoizuia kusoma majibu ya HTTP ya tovuti nyingine. Ukiwa umeingia kwenye tovuti ya basi, kisha ukafungua kwenye kichupo kingine ukurasa wa tapeli, ukurasa huo unaweza kujaribu kufungua websoketi kwa seva ya basi, na kuki yako ikaambatana nayo kama haikuwekewa masharti ya kuizuia. Seva isiyoangalia itaona ni wewe. Kinga ni kukagua mstari wa Origin kwenye salamu, unaotaja tovuti iliyoanzisha ombi. Ukurasa wa ndani ya kivinjari hauwezi kuughushi. Kama haitaji tovuti yako, funga.

Wanaotumia tokeni badala ya kuki wana shida tofauti: kivinjari hakiruhusu kuongeza mstari wako mwenyewe wa utambulisho kwenye salamu za websoketi. Wengi huishia kuweka tokeni ndani ya anwani. Itafanya kazi, lakini anwani huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, na tokeni ya siku saba ikishakaa humo si siri tena. Mimi napenda tikiti ya muda mfupi: kivinjari kinaiomba kwa HTTP ya kawaida, inatumika mara moja, inakufa baada ya sekunde thelathini.

Mtu si namba ya simu

Turudi kwa abiria wetu. Amewasha kompyuta, lakini tovuti hiyohiyo iko wazi kwenye simu pia. Ndiyo maana kwenye daftari 417 ana mabomba mawili. Ukitengeneza daftari la nafasi moja kwa kila mtu, bomba jipya litafuta la zamani, na kompyuta itabaki kiziwi. Kisha linakuja la pili: kichupo cha zamani kinapofungwa, seva "inamfuta 417" mzima mzima, pamoja na bomba lake jipya ambalo bado liko hai. Futa bomba, usimfute mtu.

Halafu jambo ambalo linaonekana dogo mpaka likupate. Matokeo ya M-Pesa yanakuja na namba ya simu. Kishawishi ni kumtafuta mteja kwa namba hiyo. Lakini aliyelipa na aliyeketi mbele ya kivinjari si lazima wawe mtu mmoja. Mwanafunzi yuko Eldoret anakata tiketi, anaandika namba ya baba yake aliye Kisumu, wanaongea kwenye simu, "Mzee, weka PIN." Hii kwetu ni ya kila siku. Ukitafuta kwa namba ya simu, arifa itaenda kwenye akaunti ya mzee kama anayo, na mwanafunzi atabaki na kiduara chake. Pia mzee huyohuyo anaweza kulipia watoto wawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nilikuambia ishike CheckoutRequestID. Seva inapoipokea mwanzoni, inaiandika kwenye hifadhidata karibu na oda, na oda inajulikana ni ya kipindi gani cha kivinjari. Matokeo yakija, mnyororo ni: CheckoutRequestID, oda, mtumiaji, mabomba yake. Namba ya simu inabaki kuwa taarifa ya risiti. Na mgeni asiye na akaunti anahudumiwa vilevile, kwa sababu kuki ya kipindi inamtosha. (Na ile anwani ya kupokelea matokeo nayo isiaminiwe hivihivi, kwa sababu yeyote anayeijua anaweza kuitumia matokeo ya uongo. Daraja wana njia ya kuuliza hali ya ombi. Itumie kabla ya kutoa kiti.)

Bomba likiwa kwenye seva nyingine

Tovuti ikikua, seva zinakuwa mbili au tatu, na mbele yake kuna mgawanya mzigo. Kivinjari chako kimeshikana na seva ya 1. Matokeo ya Safaricom yameangukia seva ya 2. Seva ya 2 inafungua daftari lake, 417 hayumo. Hasa hapa ndipo mifumo iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya msanidi inaanza kufanya kazi "mara nyingine", na hakuna kosa linaloonyesha tabia ya kukera kama hilo.

Suluhisho la kawaida ni kuweka mtu wa katikati, mara nyingi Redis. Kila seva inasikiliza njia za watu iliowashika. Seva ya 2 inatangaza kwenye njia ya 417, seva ya 1 inasikia na kupeleka kwenye bomba. Ni nyepesi na ya haraka. Lakini utangazaji huu wa Redis hauhifadhi kitu: kama wakati wa tangazo hakuna anayesikiliza, ujumbe umepotea na hakuna atakayekuambia.

Na mabomba hufa kimyakimya. Basi limeingia bondeni, mtandao umekata, au kifaa kimoja njiani kimeona muunganisho haujasema kitu kwa muda kikaufunga. Nginx ikiwa mbele ya seva, kwa mpangilio wake wa kawaida hukata baada ya sekunde 60 za ukimya kutoka kwa seva. Ndiyo kazi ya vijumbe vya pingi na pongi vilivyomo kwenye RFC yenyewe: seva inagonga, upande wa pili unaitika, asiyeitika anafutwa. Lakini kati ya kufa na kugundulika kuna sekunde kadhaa, na arifa iliyotumwa ndani yake imeingia shimoni.

Kwa hiyo mpangilio hauna mjadala: andika kwanza kwenye hifadhidata kwamba oda imelipwa, ndipo uarifu. Websoketi ni tarishi, daftari la kweli liko ofisini. Kila kivinjari kinapounganishwa, iwe mara ya kwanza au ya kumi, kinauliza hali ya oda yake. Na mfuatano una maana: anza kusikiliza, kisha uulize hali. Ukiuliza kwanza ukapewa "bado", halafu malipo yakaingia kabla hujaanza kusikiliza, umeikosa habari katikati ya hatua zako mbili. Ukifuata mfuatano sahihi, baya linaloweza kutokea ni kuipata habari mara mbili, na kuonyesha "Umelipa" mara mbili hakumdhuru mtu.

Jambo la kuunganishwa tena lina adabu yake pia. Seva ikizimwa na kuwashwa, vivinjari vyote 300 vinagundua kwa pamoja na kurudi kwa pamoja. Kila kimoja kisubiri muda wa kubahatisha kidogo, na kikishindwa kiongeze subira: sekunde moja, mbili, nne, nane. La sivyo seva itaamka na kuangushwa na wateja wake.

Je, kweli unaihitaji?

Kwa tovuti ya kampuni ndogo inayouza tiketi arobaini kwa siku, hapana. Nasema wazi: kuuliza kila sekunde tatu kwa dakika mbili kunatosha, ni mistari kumi ya msimbo, na hakuna daftari la kulinda. Ukitaka seva iseme lakini kivinjari hakina la kujibu, kuna SSE, ambayo ni HTTP ya kawaida inayoachwa wazi. Inajiunganisha yenyewe ikikatika, na inakumbuka ujumbe wa mwisho iliopokea kama seva iliupa namba. Angalizo lake: chini ya HTTP/1.1 vivinjari huruhusu miunganisho sita tu kwa kila tovuti, na mwenye vichupo saba atashangaa. Websoketi nenda nayo pale pande zote mbili zinaongea sana, kama gumzo au mchezo, au arifa ni nyingi na tofautitofauti.

Na programu ya simu iliyofichwa nyuma ya skrini ni habari nyingine. Mfumo wa simu huilaza ili kuokoa betri, na bomba lake hufa nayo. Huko unapita kwenye huduma za Google na Apple, FCM na APNs, ambazo hushika muunganisho mmoja kwa niaba ya programu zote za simu hiyo. Hata hapo daftari linabaki lilelile. Upande wa pili badala ya mabomba kunakuwa na tokeni za vifaa.

Kama una mfumo wa namna hii mkononi, ujaribu hivi kabla ya kuupeleka kwa watu. Fungua vivinjari viwili vyenye akaunti mbili tofauti, ingia kwenye zana za wasanidi za kile kisicholipa, na uangalie kama kuna chochote kinachopita cha mwenzake. Kisha bonyeza "Lipa", zima Wi-Fi ya kompyuta, weka PIN kwenye simu, subiri SMS iingie, na uiwashe Wi-Fi tena. Mwisho rudia, ila safari hii badala ya Wi-Fi zima seva iliyokishika kivinjari. Mara zote kiti namba 14 kinatakiwa kionekane kimelipwa, bila mtu kugusa kitufe.